Kuhamisha kompyuta ya nyumbani kwenye programu huria: nyaraka kwanza, mfumo mwisho

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya bure kwa Windows 10, mfumo wa uendeshaji iliouzindua Julai 2015. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Mashine zilizokuwa zikiandika barua, zikichapa mitihani na kutunza hesabu za maduka ziliwaka kesho yake kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakitumwa kila mwezi. Tangu hapo, udhaifu mpya ukigunduliwa ndani ya mfumo huo hauzibwi, ilhali wahalifu wa mtandao hupata habari zake sawa na watu wengine.

Kwa mtumiaji wa nyumbani Microsoft iliacha njia mbili. Ya kwanza ni kujiandikisha ili kupata marekebisho ya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ya pili ni Windows 11, ambayo haikubali kila mashine. Inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kichakataji kilichomo katika orodha ya kampuni. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo, isipokuwa vichache, inaanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa katika miji ya kanda hii zikiwa zimekwisha kutumika, baada ya kuondolewa katika ofisi za Ulaya na Ghuba, ni za kabla ya hapo. Bado zina nguvu za kutosha kwa barua, hesabu, intaneti na filamu. Zimezuiwa na orodha tu, hazijachakaa.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuachana na Windows na kuweka programu huria. Kwa kawaida njia hii huanzishwa kwa namna ile ile. Fundi huchomeka flashi, hufuta diski nzima, na baada ya nusu saa mfumo mpya umewaka. Siku ya pili mwenye kompyuta hukuta barua zake zimeparaganyika, jedwali la michango ya harusi halijumlishi, na kadi alizobuni kwa jasho hazifanani tena na zilivyokuwa. Wiki haiishi kabla hajarudi dukani kuomba Windows irudishwe, mara nyingi nakala isiyo na leseni. Katika kisa kama hicho mfumo mpya hulaumiwa bure, kwa sababu kilichoharibu kazi ni mpangilio: kilichostahili kuhamishwa mwisho kilihamishwa mwanzo.

Huria na bure ni maneno mawili

Katika Kiingereza neno moja hubeba maana ya uhuru na maana ya kutolipa, na kwa sababu hiyo watetezi wa programu huria wametumia miaka arobaini kueleza walikusudia lipi. Kiswahili hakina tatizo hilo. Programu ya bure ni ile isiyolipiwa; yaweza kuwa imefungwa, na yaweza hata kumpeleleza anayeitumia. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inampa kila mtu haki ya kuitumia kwa shughuli yoyote, kuuchunguza msimbo wake, kuinakili na kuigawa, na kuibadilisha kisha kuyagawa mabadiliko hayo. Inaruhusiwa hata kuuzwa. Kwamba nyingi ya programu hizo hazilipiwi ni matokeo ya haki hizo, wala si maana yake.

Msingi wa fikra hiyo uliwekwa mwaka 1983, Richard Stallman, mtaalamu wa programu wa chuo cha MIT nchini Marekani, alipotangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo kamili usiofungwa. Sehemu iliyokosekana, yaani kiini kinachozungumza na mitambo ya kompyuta, ilipatikana mwaka 1991 kutoka kwa Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kiini hicho ndicho Linux. Tangu hapo makundi mbalimbali yamekuwa yakikusanya kiini hicho pamoja na maelfu ya programu nyingine na kuvitoa kama mfumo mmoja wenye jina lake: Debian, Fedora, Linux Mint na mengineyo. Linalojulikana zaidi ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kupewa jina la Kinguni lenye maana ya utu. Wasomaji wanaozungumza Kirundi au Kinyarwanda watatambua mchezo ambao huenda hakuukusudia, kwa kuwa katika lugha hizo kitu kitolewacho bila malipo hutolewa ku buntu. Na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waendeshaji wa Ubuntu walituma diski zake kwa posta bila malipo kwa mtu yeyote duniani aliyeziomba, jambo lililokuwa na uzito mkubwa mahali ambapo kupakua faili kubwa kulichukua usiku kucha.

Uwazi wa msimbo hauondoi hatari. Machi 2024 ilibainika kwamba mtu aliyejipenyeza kwa subira katika mradi mdogo wa huria uitwao XZ alikuwa ametia ndani yake mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kushuku kwa nini uunganishaji mmoja wa mbali ulikuwa ukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Kisa hicho huelezwa na pande zote mbili: wengine husema kinaonyesha udhaifu wa miradi inayotegemea watu wachache waliochoka, wengine kwamba kama msimbo ungekuwa umefungwa Freund asingekuwa na mahali pa kuchungulia. Wote wana haki. Anayehamia programu huria kwa kudhani kwamba ameaga virusi milele amedanganywa.

Faili inamtegemea nani

Mjadala kuhusu mifumo huzungumzwa kwa sauti kubwa, ilhali jambo zito zaidi kwa familia liko mahali pengine, katika faili zenyewe. Kompyuta hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Wosia, hati ya mauzo ya kiwanja, kumbukumbu za mikutano ya ukoo, daftari la chama cha kuweka na kukopa na historia ya babu iliyochapwa kwa vidole viwili vinatakiwa kuishi kuliko kompyuta na kuliko kampuni iliyoiuza programu.

Mfano uko karibu. Publisher ni programu ya Microsoft ambayo wabunifu wadogo, shule na nyumba za ibada wameitumia kwa miaka mingi kutengeneza kadi za harusi, vyeti, ratiba za ibada na matangazo ya msiba. Kampuni imetangaza kuwa huduma yake inakoma Oktoba 2026, na kwamba baada ya hapo waliojiandikisha katika Microsoft 365 hawataweza tena kufungua faili zake zenye mwisho wa .pub kwa programu hiyo. Wamiliki wameshauriwa kuzigeuza mapema. Mwenye folda ya vyeti vya miaka kumi na mitano ana kazi ya kufanya, na kazi hiyo haikusababishwa na Linux. Ilisababishwa na umbo la faili ambalo lilijulikana na kampuni moja. Hali kama hiyo iliwapata kabla yao waliotumia Microsoft Works, programu ndogo iliyokuja na kompyuta nyingi za miaka ya 1990 na 2000. Kinachochekesha ni kwamba leo faili za Works na za Publisher hufunguliwa, walau kwa kiasi, na programu ya huria LibreOffice, kwa sababu wapo watu waliokaa wakazichambua baiti kwa baiti.

Kiwango huria ni kinyume cha hali hiyo. Ni maelezo yaliyochapishwa, ambayo mtengenezaji yeyote anaweza kuyasoma na kuyafuata bila kuomba ruhusa, yanayosema faili imejengwaje. Kwa nyaraka za ofisi kiwango hicho huitwa OpenDocument, kwa kifupi ODF. Kilipitishwa Mei 2005 na jumuiya ya viwango ya OASIS, na mwaka 2006 kikachapishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango kwa nambari ISO/IEC 26300. Faili zake hutambulika kwa herufi za mwisho: .odt kwa maandishi, .ods kwa majedwali ya hesabu, .odp kwa mawasilisho. Ndani yake hamna siri. Faili ya .odt ni mfuko uliobanwa; ukibadilishwa jina ukaitwa .zip, hufunguka na kuonyesha vifaili vichache, na ndani ya kimojawapo, content.xml, maneno ya barua yanasomeka kwa macho. Hata kama miaka hamsini ijayo hakuna programu hata moja ya leo itakayokuwa hai, mtu mwenye subira ataweza kuyatoa.

Microsoft nayo ilichapisha muundo wake. Faili za .docx na .xlsx, zilizokuja na Office 2007, pia ni mifuko iliyobanwa, na muundo wake ulikubaliwa kuwa ISO/IEC 29500 mwaka 2008, baada ya mvutano ambamo Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa bila kufaulu. Hivyo si sahihi kusema kwamba .docx ni kufuli. Ila maelezo yake ya kwanza yalizidi kurasa 6,000, na yana namna mbili: moja safi, nyingine ya mpito iliyobeba tabia za programu za zamani. Office kwa kawaida huhifadhi kwa namna ya mpito. Ndiyo maana barua hiyo hiyo ya .docx huweza kuonekana tofauti kidogo katika kila programu inayojitahidi kuisoma.

Kwa ufupi, picha za .jpg na .png, sauti za .mp3, ambazo hataza zake za mwisho zilimalizika mwaka 2017, na nyaraka za PDF, kiwango cha ISO tangu 2008, hazina tatizo. Mizigo ya kweli ni maandishi, majedwali, barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta na kazi za ubunifu.

Walioanza na nyaraka

Mfano mzuri zaidi wa mpangilio huu unatoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2005 Gendarmerie, kikosi cha Ufaransa chenye hadhi ya kijeshi kinacholinda usalama hasa vijijini, kiliacha Office ya Microsoft na kuchukua OpenOffice, huku kompyuta zikibaki na Windows. Baadaye kivinjari kikawa Firefox na programu ya barua pepe ikawa Thunderbird. Ni mwaka 2008 tu, askari walipokwisha kuzoea programu hizo, ndipo mfumo wenyewe ulipoanza kubadilishwa na kuwa Ubuntu. Kwa askari wa kituoni mabadiliko ya mwisho yalikuwa madogo, kwa kuwa kila alichokigusa kutwa nzima kilikuwa kile kile cha jana. Makumi ya maelfu ya kompyuta zilihamishwa hivyo, na kikosi hakijarudi nyuma.

Jimbo la Schleswig-Holstein la kaskazini mwa Ujerumani limechagua njia inayofanana: Aprili 2024 lilitangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali yake, likianza na LibreOffice na kiwango cha ODF, Linux ikifuata. Jiji la Munich, kusini mwa nchi hiyo hiyo, lina historia yenye kona. Liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, likakamilisha takriban kompyuta 15,000 mwaka 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurejea Windows. Sababu zilikuwa nyingi, za kiufundi na za kisiasa, na wapenzi wa pande zote wamezipangua na kuzipanga wapendavyo. Kwa mtu wa nyumbani hazina uzito mkubwa. Sebuleni hakuna baraza la madiwani, ingawa huenda wakawapo vijana wa nyumba wanaotaka michezo yao.

Dar es Salaam, mwaka 2004

Afrika Mashariki haikungoja mifano ya Ulaya. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na washirika kutoka Sweden, iliendesha mradi ulioitwa Kilinux wa kuzitia programu huria katika Kiswahili. Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu moja ya kisheria: leseni ya OpenOffice ilimruhusu yeyote kuibadilisha. Hakuna aliyehitaji kuandika barua ya kuomba, wala kungoja kampuni ipige hesabu kama soko la Waswahili lina faida.

Ugumu ulikuwa katika maneno. Kabla ya kutafsiri ilibidi kuandaliwa faharasa ya istilahi, na yeyote aliyewahi kubishana kuhusu ipi ni bora kati ya "sakinisha" na "weka" anajua kazi hiyo ilivyo. Baadhi ya istilahi za kompyuta zimekita mizizi, nyingine zimebaki katika vitabu. LibreOffice, ambayo ni mrithi wa OpenOffice tangu mwaka 2010, inabeba hadi leo kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi mahali ambapo lugha yake si ya walio wengi, na ambaye mtoto wake shuleni haandiki insha hata moja kwa Kiswahili, mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa ni mwalimu asiyelipwa.

Kuhamisha mashine ya familia

Hatua ya kwanza haihitaji kugusa mfumo. Ni kunakili. Kila kilichomo katika kompyuta kinakiliwa katika diski ya nje, na vile vya thamani zaidi katika flashi ya pili inayotunzwa nyumba nyingine. Nakala ifunguliwe kwenye kompyuta tofauti ili kuhakikisha kwamba imekamilika; nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Mwenye kutumia Outlook akumbuke kwamba barua pepe zake huenda zimo katika faili moja kubwa yenye mwisho wa .pst, ambayo mara nyingi haipo katika folda ya nyaraka na husahaulika.

Kisha LibreOffice inawekwa juu ya Windows ile ile, kando ya Office iliyopo. Faili yake ya kupakua ni megabaiti mia kadhaa, na inapatikana bila kujisajili. Kwa mwezi mmoja au miwili familia iitumie kwa kazi zote za kila siku. Ndani yake mna chombo cha kugeuza folda nzima ya nyaraka za Word na Excel kuwa ODF kwa mara moja. Kinafaa, kwa sharti kwamba za asili zisifutwe, maana baadhi ya nyaraka zitahitaji kulinganishwa. Ni kipindi hiki, si kingine, kinachoonyesha nini kitaumiza. Jedwali lisilojumlisha litajulikana wakati Excel bado ipo ya kulitazamia.

Malalamiko makubwa ya kipindi hicho ni barua kuharibika sura, na mara nyingi mshitakiwa si programu bali fonti. Barua iliyoandikwa kwa Calibri, ikifunguliwa mahali pasipo na Calibri, hupewa herufi nyingine zenye upana tofauti, mistari inasogea, na saini inaangukia ukurasa wa tatu peke yake. Kwa ajili hiyo zimetengenezwa fonti huria zenye upana ule ule: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, na Liberation badala ya Times New Roman na Arial. LibreOffice huja nazo. Tatizo limerudi kidogo tangu Microsoft ilipobadilisha fonti yake ya kawaida kuwa Aptos mwaka 2023. Dawa rahisi ni kuamua kwamba nyaraka zote za nyumbani zitaandikwa kwa fonti moja huria.

Kuhusu kutumiana nyaraka na wengine, kanuni inayofanya kazi ni hii: nakala ya asili ibaki .odt, anayetakiwa kusoma tu apelekewe PDF, na anayetakiwa kuhariri kwa Word apelekewe .docx iliyotolewa kutoka katika ile ya asili. Ofisi za ajira na vyuo vingi havijui .odt ni nini, na mwombaji kazi hana sababu ya kuwafundisha siku ya mwisho ya maombi. Word yenyewe, tangu mwaka 2009, inaweza kufungua .odt, wengi hawajawahi kujaribu.

Sambamba na hayo, kivinjari na kichezeshi cha filamu vibadilishwe kuwa Firefox na VLC. Vyote viwili vipo kwa Windows na kwa Linux, na hilo ndilo kusudi.

Baada ya miezi hiyo mfumo wenyewe unabaki kama jambo dogo. Kwa aliyezoea Windows, Linux Mint ndiyo yenye sura ya karibu: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia. Inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazoshauriwa, na nafasi ya gigabaiti 20 katika diski. Faili yake ni takriban gigabaiti 3. Kwa mwenye kununua vifurushi vya intaneti hiyo si gharama ndogo, lakini hapa leseni inasaidia, kwani mtu mmoja akiisha kuipakua mtaa mzima unaweza kunakiliana kwa flashi bila kuvunja sheria yoyote. Ni tofauti kubwa na nakala za Windows zinazouzwa mitaani pamoja na viprogramu vya kuvunjia leseni, ambavyo ni njia mojawapo inayojulikana ya kusambazia virusi.

Flashi yenye mfumo ikitayarishwa kwa programu kama Rufus, kompyuta inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwayo bila kugusa diski. Nafasi hii haifai kuchezewa. Kabla ya kuweka chochote, mwenye kompyuta ajaribu intaneti isiyo na waya, sauti, kamera, printa na kulala kwa kompyuta inapofungwa. Kifaa kisichofanya kazi hapo hakitafanya kazi baadaye bila jasho. Printa za HP kwa kawaida hukubali haraka; za kampuni nyingine hutegemea bahati na aina.

Mambo mawili yamewaliza wengi katika hatua hii. La kwanza ni ufungaji wa diski uitwao BitLocker, ambao katika baadhi ya kompyuta huwa umewashwa bila mwenyewe kujua. Kabla ya kugawa diski, ufungaji huo uzimwe au ufunguo wake wa dharura uandikwe karatasini, la sivyo Windows na vyote vilivyomo havitafunguka tena. La pili ni kibodi. Kompyuta zilizotoka Ubelgiji, Ufaransa au Ujerumani zina mpangilio wa herufi usiofanana na wa Kiingereza, na mtu akikubali mpangilio usio wake wakati wa kuweka mfumo, nywila aliyoiandika siyo aliyodhani ameiandika. Kosa hilo halionekani, kwa kuwa nywila huonyeshwa kwa vitone.

Yasiyohama

Kwa uaminifu, baadhi ya vitu havihami. Majedwali ya Excel yenye makro, yaani amri ndogo zilizoandikwa ndani ya faili, huvunjika mara kwa mara katika LibreOffice. Hili si la kinadharia: mfumo wa kodi wa Kenya, iTax, umewataka walipa kodi wengi kujaza fomu za Excel zenye makro za aina hiyo. Hifadhidata za Access hazina mrithi wa moja kwa moja. Photoshop na ndugu zake hazitolewi kwa Linux. GIMP na Inkscape ni programu nzuri, lakini mbunifu anayekula kwa mkono huo atahitaji kujifunza upya, na mteja hamngoji. Programu nyingi za uhasibu wa maduka madogo pia ni za Windows pekee. Michezo mingi sasa huchezeka, isipokuwa baadhi ya ile ya mtandaoni yenye walinzi dhidi ya udanganyifu.

Kwa familia yenye mojawapo ya mahitaji hayo, mifumo miwili inaweza kukaa katika diski moja, na mtumiaji akachagua kila anapowasha. Linux Mint na Ubuntu hutoa chaguo hilo wakati wa kuwekwa, iwapo diski ina nafasi. Windows 10 iliyobaki hivyo ni afadhali isiunganishwe tena na intaneti. Itumike kwa programu ile moja ya uhasibu au mashine ile moja ya kushonea nakshi inayoitegemea, na faili ziingie na kutoka kwa flashi ambayo imechunguzwa upande wa pili.

Masasisho ya Linux nayo hula kifurushi. Katika Mint yanaweza kuachwa yasubiri hadi mwenyewe ayaruhusu, na inatosha kuyaruhusu mara moja kwa wiki mahali penye intaneti ya bei nafuu. Yasiachwe kwa miezi, kwa sababu mfumo wa huria usiosasishwa uko wazi kwa hatari ile ile iliyowaondoa watu katika Windows 10.